Posa kwa Kaseti

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Mvua ya kwanza imenyesha mchana, na studio yetu ya video imevuja palepale inapovuja kila mwaka, juu ya deki ya pili. Massoudi, bosi wangu, ameweka beseni na kuniambia niandike kwenye daftari la kazi kwamba harusi mbili zimeahirishwa. Nimeandika. Halafu nimekwenda kujinunulia daftari hili, kwa sababu kilichotokea saa tisa si cha daftari la kazi.

Wamekuja wawili, Joëlla na Bonfils, makarani wa ofisi moja mjini. Msichana anakaa Musaga, kusini. Mwanamume anakaa Kamenge, kaskazini. Tangu mauaji ya mwaka jana mitaa hiyo imegawanywa, watu wa aina moja huku na wa aina nyingine kule, na majina ya hizo aina siyaandiki, yanatajwa vya kutosha mtaani. Mzee wa Kamenge akikanyaga Musaga harudi. Wa Musaga akikanyaga Kamenge ni vilevile. Hawa wanaonana mjini saa za kazi, na wanataka kuoana.

Baba yake Joëlla alifariki. Mwenye kumtoa ni baba yake mkubwa, Mzee Népomuscène. Hakukataa. Alisema: waje waombe kwa heshima kama desturi, wakae mbele yangu, waseme, niwajibu, bila hivyo hakuna ndoa. Anajua fika hawawezi kuja. Hiyo ni hapana iliyovaa koti.

"Muzee amesema tu wakae mbele yake," Joëlla alirudia, macho mekundu.

Nikauliza, bila kumtazama bosi: "Ana televisheni?"

"Iko nayo."

"Basi tutawakalisha mbele yake."

Massoudi akakohoa kama mtu aliyemeza mfupa.

Jumanne, 4 Oktoba

Tumegombana asubuhi nzima.

"Béatrice, we ni wazimu. Kamera ni ya harusi, si ya kuvuka vita."

"Mi wazazi wangu wametoka Uvira, kule Zaire. Kamenge wananiona mugeni, Musaga wananiona mugeni. Nani mwingine atapita?"

"Na mwanamuke hajawahi kushika kamera peke yake mu studio hii."

"Ndiyo maana picha zetu zote zinafanana."

Amenipa kamera yake ya zamani. Amesema nikipigwa risasi, kamera irudi.

Jumamosi, 8 Oktoba

Kamenge. Msemaji wa upande wa Bonfils ni Mzee Ildephonse, fundi cherehani mstaafu, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nimeweka kamera kwenye miguu yake mitatu, nimeivuta juu hadi mwisho kama Massoudi anavyofanya kwenye kumbi, nimepiga picha. Rahisi kabisa.

Jumatatu, 10 Oktoba

Si rahisi hata kidogo. Mzee Népomuscène ameitazama kaseti dakika mbili, mikono juu ya fimbo, halafu akasema: "Ni nani huyu mudogo amekaa mu shimo?"

"Ni Muzee Ildephonse, msemaji wao."

"Mutu wa kuniomba mutoto, macho yake siyaoni, naona kipara tu. Toa."

Nilikasirika njia nzima. Kufika studio nimeirudia kaseti mwenyewe, na mzee ana haki, ingawa sitamwambia. Ukumbini tunainua kamera ili vichwa vya wageni visitukinge. Lakini mtu aliyekaa, akipigwa picha kutoka juu, anapungua. Anakuwa mtoto anayekaripiwa. Nilimpeleka mzee wa watu Musaga akiwa mtoto, na ni mimi niliyefanya hivyo.

Jumatano, 12 Oktoba

Mvua. Beseni limejaa mara tatu.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nimerudi Kamenge. Kamera nimeiweka juu ya kreti ya bia, sawa na macho ya mtu aliyekaa. Nimepanga hivi: kwanza picha ya mbali, kamera ikipita taratibu chumba kizima, wazee kumi na wawili na makoti yao, ili Népomuscène ajue ameingia wapi na nani amekuja. Halafu nusu ya mwili wa Ildephonse, ili amwone anavyokaa. Halafu uso peke yake, lakini si mapema. Uso niliuweka akiba mpaka neno lenyewe la kuomba. Massoudi huvuta picha karibu na mbali kila anapochoka kusimama. Mimi leo nimesogea karibu mara mbili tu, kila mara kwa sababu.

Desturi ni kuomba kwa kuzunguka. Msichana hatajwi. Ildephonse amesema: "Tulikuwa tunapita, mvua imetukuta barabarani. Tumeona nyumba yenu iko na mwanga. Tunaomba kujikinga kidogo." Na juu ya bati mvua ya kweli ilikuwa inapiga, ikabidi tusubiri nusu saa ili asikike.

Jumatatu, 17 Oktoba

Mzee Népomuscène ameinama mbele! Amewahesabu kwa kidole: "Kumi na mbili. Na wamevaa makoti." Uso wa Ildephonse ulipojaa skrini, mzee akajisahau kabisa akaijibu televisheni: "Mvua gani? Huku kwetu ni kukavu!" Na maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango wake.

Nikawasha kamera haraka, nikamwomba arudie. Akarudia, akaongeza na utani mwingine. Mtu akiombwa kwa adabu hawezi kukaa kimya, hilo ndilo tundu nililokuwa nalitafuta. Joëlla alinikumbatia jikoni.

Jumamosi, 22 Oktoba

Aibu. Niliunganisha kaseti mbili: Ildephonse anaomba, Népomuscène anajibu. Nikaipeleka Kamenge nikijiona fundi. Televisheni yao ndogo inatumia betri ya gari. Wazee walitazama mpaka mwisho, halafu Méthode, kaka mkubwa wa Bonfils, akasimama.

"Huyu muzee anaangalia mulango. Tunasema naye, anatuonyesha mulango."

"Apana, alikuwa anawaangalia ninyi, mu televisheni!"

"Basi mbona macho yake hayaji kwetu?"

Ni kweli. Kwenye skrini Ildephonse anaangalia kulia. Népomuscène naye anaangalia kulia. Wote wawili upande mmoja, kama watu wanaosubiri basi. Hakuna anayemtazama mwenzake.

Kosa hili hulifanyi kwenye posa ya kawaida, maana familia mbili zimekaa kwenye chumba kimoja, zinatazamana, na wewe unabaki upande mmoja wa chumba, basi. Kati ya watu wawili wanaoongea kuna mstari, na kamera haitakiwi kuuvuka. Mimi nilikuwa na vyumba viwili, na nikadhani mstari unaishia kwenye ukuta wa Kamenge. Hauishii. Unapita sokoni, unapita vizuizi vyote vya askari, unaingia Musaga mpaka kwenye kiti cha yule mzee. Mstari mmoja jiji zima, nami nikauruka bila kujua.

Ildephonse alinisindikiza hadi barabarani. "Mama Béatrice, rekebisha. Lakini upesi. Huyu Méthode si mubaya, ameogopa."

Jumatatu, 24 Oktoba

Nimemwomba Mzee Népomuscène ageuze kiti. Amekataa. Kiti ni cha marehemu ndugu yake, kiko pale tangu nyumba ijengwe.

"Nihamishe kiti cha ndugu yangu kwa ajili ya watu wa Kamenge?"

"Kwa ajili ya mutoto wa ndugu yako, muzee."

"We unasema sana."

Ndiyo. Na nitaendelea. Kama kiti hakisogei, kamera itasogea. Tatizo, upande ule wa pili wa mzee ni ukuta wenye dirisha, na nje ya dirisha ni mvua.

Jumamosi, 29 Oktoba

Nimepiga picha kutoka nje. Nilisimama kwenye matope, lenzi imepita kati ya nondo za dirisha, mzee ndani kwenye kiti chake kisichohamishika, akiangalia kushoto kama nilivyotaka. Aliyeshika mwavuli ni Massoudi. Sikumwomba. Alitokea tu na mwavuli wa kanisani wa mkewe, wenye maua.

"Si kwa ajili yako," alisema. "Ni kamera."

Alilowa mpaka soksi. Mwavuli wote ulikuwa juu yangu.

Jumatatu, 31 Oktoba

Kamenge wamecheka! Ildephonse anatupa utani kulia, Népomuscène anaurudisha kushoto, na ghafla kilomita zote hizo hazipo, ni chumba kimoja. Hata Méthode alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Alhamisi, 3 Novemba

Mji umefungwa kwa nguvu. Maduka, mabasi, kila kitu, kwa amri ya watu ambao hawajawahi kuuza hata nyanya. Nimekaa na kusafisha vichwa vya deki.

Jumatano, 9 Novemba

Kaseti ya tano. Wanabishana kuhusu ng'ombe wa mahari ambao hakuna atakayewaona. Posa ya mchana mmoja sasa ina wiki ya sita. Bonfils amekonda.

Jumatatu, 14 Novemba

Milio ya risasi kaskazini tangu alfajiri. Sikwenda popote. Najichukia siku ninazokaa.

Jumapili, 20 Novemba

Naandika usiku huohuo, kabla sijasahau neno.

Nilikuwa Musaga baada ya misa, kaseti inacheza. Ile picha ya mbali niliyoipenda, wazee kumi na wawili mmoja mmoja, taratibu, na nyuma yao mlango wa bluu ulio wazi na nyumba ya jirani. Vijana wanne wakaingia bila kubisha. Mbele ni Gaël, wa nyumba ya tatu, mtoto wa mama Spéciose anayeuza mkaa. Mmoja alikuwa na kitu ndani ya jaketi.

"Muzee, tumesikia iko watu wa Kamenge mu nyumba hii."

Mzee hakusogea. "Iko. Kumi na mbili. Wamekaa pale." Akaelekeza fimbo kwenye televisheni.

Wenzake wakacheka. Gaël hakucheka. Alisogea, akatazama nyuso zikipita, akasema: "Simamisha hapo. Huyu mwenye kofia namujua. Na huo mulango naujua." Kisha akaninyooshea mkono: "Lete kaseti."

Hapo ndipo nilielewa nilichokuwa nimetengeneza. Nilidhani ni picha nzuri. Ilikuwa orodha. Nyuso, mlango, mtaa, kila kitu kwa mpangilio na kwa mwanga safi, kazi ya mikono yangu. Nikasimama mbele ya skrini. Sikuwa na mpango wowote, nilisimama tu.

"Kaseti ni ya studio," nikasema. "Ukitaka kunitoa hapa, nitoe."

"We Muzaire, toka. Hii si mambo yako."

Mzee Népomuscène akapiga fimbo sakafuni mara moja tu.

"Gaël. Umeingia mu nyumba yangu umekuta wageni wamekaa. Umewasalimia?"

"Muzee, hiyo ni televisheni."

"Nimekuuliza umewasalimia. Hawa watu wameniomba mutoto, mi nimewajibu. Tangu nimewajibu ni wageni wangu. Mama yako alipoolewa, mi ndiyo nilisema mbele ya wazee wake. Sasa mutoto wake anaingia kwangu kuwawekea wageni wangu alama? Kaa chini. Wote mukae. Joëlla, lete Fanta."

Walikaa. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mtoto aliyelelewa mtaa ule hajui jinsi ya kukataa Fanta mbele ya mzee. Walikunywa wakiangalia vidole vyao. Mzee hakuwaachia.

"Salimia."

Gaël akanung'unika "Amahoro", yaani amani, kwa televisheni, shingo imekaza kwa hasira. Wakaondoka. Walipofika mbali, mzee alijaribu kushika glasi yake, ikamponyoka ikavunjika.

Nilimwona kuwa ukuta tangu Oktoba. Leo nimejua ukuta unaweza pia kuwa upande wako.

Jumatatu, 21 Novemba

Nimefuta kila picha ya mbali, kwenye kila kaseti. Massoudi alitaka kubakiza moja ya kumbukumbu. Nilikataa. Nimelia nikifuta, sioni aibu kuandika.

Jumamosi, 26 Novemba

Kamenge, nimewaeleza kila kitu bila kujificha. Méthode alinitukana, na nilistahili. Halafu Ildephonse akasema: "Mi uso wangu uache. Mi ni muzee, waje. Wengine wafiche."

Basi nimepiga picha mikono tu. Jozi kumi na moja za mikono juu ya magoti, moja baada ya nyingine, karibu sana, nyuma hakuna kitu ila giza la ukuta. Mkono wenye pete. Mkono usio na kidole. Mkono unaozungusha kofia. Nilidhani nimenyang'anywa picha yangu bora, kumbe nimepewa nyingine, na hii hakuna anayeweza kuitumia kuua mtu.

Jumapili, 4 Desemba

Mzee Népomuscène ameitazama mikono mpaka mwisho. Amesema ng'ombe wamekwisha, utani umekwisha, limebaki la mwisho: wanywe bia yake. Nyumbani kwetu kote, mwenye kutoa kinywaji huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakina sumu. Mwaka huu hakuna aliyesahau desturi hiyo.

"Wataonaje kama nimeonja?" aliuliza. "We unakata picha. Nimekuona unakata. Mutu anaweza kuonja hii, ukakata, akapeleka ingine."

Swali la kwanza la kiufundi aliloniuliza, na ndilo kubwa kuliko yote. Jibu ni kutokata. Nimepiga mara moja tu, dakika saba. Bia ya mtama inamiminwa kwenye kidumu cheupe. Mzee anaweka mrija, anavuta, anameza, koo linapanda na kushuka. Anafunga kwa jani la mgomba na kamba. Ninamfuata kwa kamera begani, bila kuacha kidumu hata sekunde moja, mpaka kinaingia kwenye kikapu changu. Bega lilikuwa linawaka. Sikupepesa.

Jumatatu, 5 Desemba

Kwenye kizuizi askari alidhani ni petroli. Nilimwambia ni bia ya posa. Akasema fungua. Nikasema sifungui. Akafungua mwenyewe kwa kisu, akanusa, akanirudishia, jani limepasuka.

Ningeweza kununua jani jingine. Majani ya mgomba yako kila mahali. Nimelifikiria jambo hilo njia nzima, naliandika ili nisije kujisifu baadaye.

Kamenge waliitazama ile kaseti ya dakika saba, jani zima, kamba imefungwa. Kisha wakakitazama kidumu.

"Kimefunguliwa," Méthode akasema.

"Ndiyo. Askari amefungua ku kizuizi. Mi nimeona mikono yake, hakuweka kitu. Lakini picha sina. Kuanzia kikapu mpaka hapa, mupo na maneno yangu tu."

Walianza kuongea wote pamoja. Méthode alisema kimwagwe. Bonfils alikaa kichwa mikononi, na niliona wazi kwamba ndoa yake iko ndani ya kile kidumu. Niliwasha kamera kwa sababu sikujua kufanya kingine.

Ildephonse akavuta kiti chake karibu.

"Tangu Oktoba huyu mama amepita ku risasi kwa ajili yetu. Alipokosea alisema amekosea. Leo angeweza kunyamaza." Akaweka mrija. Méthode akamshika mkono. Mzee akautoa ule mkono polepole, kidole kwa kidole, akanywa. Hakuonja. Alikunywa kama mwenye kiu, akameza, akapangusa mdomo, akampa wa pili. Nikabaki kwenye mikono: mrija ukapita kutoka mkono hadi mkono, wote kumi na mmoja, na wa mwisho ulikuwa wa Méthode.

Jumamosi, 10 Desemba

Musaga. Massoudi amekuja nami, amebeba betri. Joëlla alisimama nyuma ya kiti cha baba yake mkubwa, hakutaka kukaa. Nimempiga picha mzee akitazama.

Nilimweleza kwanza kuhusu jani. Sikutaka aone na kudhani nimemficha. Aliitikia kwa kichwa, akasema cheza.

Alimwona Ildephonse akiongea. Alimwona Méthode akimshika mkono. Alimwona akinywa. Mrija ulipofika mkono wa tano, mzee alianza kuhesabu kwa sauti ya chini, na alipofika kumi na mbili skrini ilikuwa imebaki tupu, na machozi yalikuwa yanamshuka, naye wala hakuyafuta.

"Wamekunywa bila kuniona," akasema. "Mi nisingekunywa."

Joëlla akazima televisheni.

Akainuka kwenye kile kiti. Akakishika kwa mikono miwili, akakiburuta mpaka katikati ya chumba, mbali na ukuta, akamkalisha Joëlla juu yake.

"Mutoto, we umeolewa. Jumamosi saa nne nakupeleka mwenyewe mpaka kanisa ya mjini, kwa miguu, mbele ya nyumba ya Gaël na ya wengine wote. Nitavaa koti." Kisha akanigeukia mimi na kamera. "Na we, siku hiyo piga picha ya mbali. Mi na Ildephonse, tumesimama pamoja, nyuso zetu wazi. Anayetaka kutuona, atuone."